Nyumba ya urithi Mji Mkongwe, lipu inabanduka: nipige saruji au nirudi kwenye chokaa?

binti_mkunazini
Asalam aleikum wadau, naombeni ushauri kwa anaezijua nyumba za zamani. Tuna nyumba ya urithi Mkunazini, zile za kupangana mstari mmoja ukuta kwa ukuta, chini lilikua duka juu wanakaa watu, kushoto jirani kulia jirani. Ndugu zangu wote washakubali mie ndo nihamie niitengeneze. Sasa huku chini lipu inabanduka, ukipitisha mkono unatoka na unga mweupe, na unyevu ushapanda mpaka usawa wa kifua. Juu chumba cha nyuma boriti mbili zimeoza pale zinapoingia ukutani. Fundi kaja kaangalia kasema tubandue lipu yote tupige saruji yenye dawa ya kuzuia maji, halafu juu tung'oe boriti zote tumwage zege la nondo yaishe. Na mie nataka choo cha ndani huko juu pamoja na tangi, manake mama hawezi tena kushuka ngazi usiku. Pesa ipo ila si ya kurudia kazi. Nimfate fundi? Nyumba hii naipenda, nimezaliwa mle.

kijana_wa_kikwajuni
Dada mie naona fundi wako yuko sawa tu, chokaa kazi yake ndefu na mafundi wake wazee wamebaki wachache. Sisi kwetu tulipiga saruji na mpaka leo imeshika vizuri.

fundi_wa_chokaa
Kijana, nyumba yenu ya matofali au ya mawe ya zamani? Maana Kikwajuni nyumba nyingi ni za matofali, huko saruji ni sawa.

Mwanangu wa Mkunazini, nakuomba saruji usiiguse kwenye ukuta huo. Ukuta wako ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa na udongo, chini hakuna kitu cha kuzuia maji, kwaiyo unyevu unapanda kutoka ardhini miaka yote na zamani ulikua unatokea kwenye lipu ya chokaa upepo unaukausha, basi. Ukiuziba kwa saruji maji hayapati pa kutokea yanazidi kupanda, na huko juu yanakutana na ncha za boriti. Ule unga mweupe ni chumvi, maji yakikauka yanaiacha hapo na ndo inayosukuma lipu. Ukipiga saruji utaiona ngumu na safi mwaka wa mwanzo, halafu inakuja kubanduka mapande mapande na jiwe lake.

Kabla ya lipu yoyote tafuta maji. Panda juu uangalie mabati na mifereji, hasa pale paa lako linapokutana na la jirani, hapo ndo pana siri nyingi. Angalia bomba, angalia karo, muulize jirani bafu lake liko upande gani, manake boriti zikioza zote upande mmoja mara nyingi kuna maji yanashuka ndani ya ukuta. Hilo likishatengenezwa bandua lipu uache ukuta wazi ukauke, usiwe na haraka, na ile chumvi ifagie ikiwa kavu, usimwagie maji ikarudi ndani. Halafu chokaa iliyozimwa kwa maji ikakaa shimoni wiki kadhaa, kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu, na mchanga usiwe wa pwani. Pigisha nyembamba nyembamba, kila tabaka lirashie maji na ulikinge jua kwa magunia. Ikimaliza paka chokaa, rangi ya mafuta au ya plastiki itakurudisha pale pale.

Zege la juu nalo hapana. Nondo ndani ya ukuta wenye chumvi na unyevu zinashika kutu, zinavimba zinapasua zege, na kulishikiza utatoboa ukuta wa jirani kutoka mwanzo mpaka mwisho. Boriti mbili zimeoza, badilisha mbili. Tegemeza sakafu kwa chini, toa moja ingiza moja, tia dawa ya mchwa, na ile ncha iachie nafasi kidogo ya hewa usiizungushie saruji.

kijana_wa_kikwajuni
Kweli kwetu ni matofali, hapo nimekuelewa mzee. Lakini choo jamani, choo huwezi kukipiga chokaa.

mama_shangani
Choo cha juu mie ninacho, kinawezekana. Kiweke juu ya sehemu ambayo chini yake pia pana bafu au ua, usikiweke juu ya chumba cha kulala. Sakafu ya pale peke yake ndo utie kizuizi cha maji na vigae, na mabomba yote yapite nje ya ukuta yaonekane, yakivuja ujue siku hiyo hiyo. Vyumba vyetu vyembamba kwa sababu boriti haivuki zaidi ya kama mita 3, kwaiyo usivunje ukuta wa kati ati upate nafasi, ule umebeba sakafu. Na tangi, lita 1000 ni tani nzima hiyo! Kubwa liweke chini uani na pampu, juu weka dogo, tena kwenye kona kuta zinapokutana.

Jengine, nenda Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla fundi hajashika nyundo, hata mlango na madirisha ya mbele huruhusiwi kubadilisha bila kibali, mji huu uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000. Na zungumza na majirani wote wawili. Beit al Ajaib, lile jumba kubwa la Forodhani la 1883, upande mmoja ulianguka tarehe 25/12/2020 na mafundi wamo ndani wanaitengeneza, watu wawili wakafa. Nyumba zetu zinaegemeana, ukichimba kwako unachimba na kwa mwenzio.

binti_mkunazini
Allah awalipe. Jirani wa kulia nimeshamuuliza, bafu lake liko ukuta ule ule zilipooza boriti 😩 amekubali kesho tufungue sakafu yake tuangalie bomba. Mzee wa chokaa, huyo fundi wangu akikataa kazi ya chokaa unaweza kuja mwenyewe?

fundi_wa_chokaa
Nitakuja. Mamlaka uanze nao wiki hii, na lipu msibandue mpaka nione bomba la jirani.