Naomba ushauri: lenzi ya Takumar imegeuka njano, niianike juani au niiache?

Habari zenu wakuu. Nimerithi kamera ya filamu ya Pentax Spotmatic ya marehemu babu na lenzi yake ya Super-Takumar 50mm f/1.4. Ukiiweka juu ya karatasi nyeupe, kioo kina rangi ya chai ya rangi nyepesi. Fundi anasema ni thoriamu, madini yenye mionzi, iliyomo kwenye kioo. Miaka ikipita kinageuka njano, na ukiianika juani wiki kadhaa unjano unapungua.

Shida ni kwamba nimeshaipenda hivyo hivyo. Nimepiga mkanda mmoja wa Ilford HP5, filamu ya nyeusi na nyeupe: mawingu yamejitokeza juu ya bahari kana kwamba nimefunga filta ya njano. Mama kakaa dirishani, uso una mng'ao laini, na kwenye kivuli bado unaona pindo la kanga. Lenzi yangu mpya inanipa weusi tii tu hapo.

Sasa mng'ao huo unatoka kwenye unjano, au ni utando wa zamani uliopakwa kwenye kioo na kufungua tundu la lenzi hadi mwisho, f/1.4? Waliowahi kuianika, picha zilibadilikaje? Na ile mionzi je, niihamishe lenzi kutoka chumba cha watoto? Mke ameshauliza mara mbili.