Ushauri: gemu langu la kung fu la GBA, kuruka kunanishinda, nifuate filamu au mikono ya mchezaji?

Kitufe_A:
Wakuu habari za muda huu. Natengeneza gemu la Game Boy Advance (GBA), ile mashine ya mkononi ya Nintendo, la kuruka majukwaa na kupigana kung fu, kisa chake kimetoka kwenye filamu, mhusika anapanda mapaa, anakimbia ukutani, anapiga teke akiwa hewani, na bosi wa mwisho ni jitu la pikseli 96 kwenda juu. Shida ni kuruka. Nikimfanya aelee kama kwenye filamu anapendeza ila adui anamgonga kabla hajatua, nikimfanya ashuke haraka mapigano yanakuwa matamu lakini ile raha ya kumuona mtu anapaa inakufa. Nimekwama hapo, usingizi sipati na muda umenibana. Naombeni ushauri, matusi hapana.

mzee_wa_katriji:
Hongera mkuu. Mi nimeanza na ile GBA ya kwanza ya 2001 isiyo na taa, tulikuwa tunagombania dirisha ili tuone kitu, GBA SP, ile ya kukunja, ilivyokuja 2003 na taa yake ikawa raha tupu. Enzi hizo kila filamu ikitoka na gemu lake lipo, hata Crouching Tiger, Hidden Dragon kampuni ya magemu ya Ubi Soft waliitoa kwenye GBA. Kuhusu kuruka sijui, ila muziki usiwe wa kelele.

fremu60:
Usichague, weka vyote. Akiwa anapanda mvutano (ile nguvu ya kumvuta chini) uwe mdogo, akianza kushuka uongeze, na mchezaji akiachia kitufe mapema kata kasi ya kupanda hapohapo. Anayetaka kupaa atashikilia, anayetaka kupigana atagusa tu. Halafu mpe fremu (zile picha za skrini, 60 kwa sekunde) tano sita za huruma mguu ukishatoka ukingoni, bado aweze kuruka. Teke likigonga simamisha kila kitu fremu tatu nne, pigo linapata uzito bila wewe kugusa mruko.
Ila mi nahisi tatizo lako lipo kwenye skrini. Ni pikseli 240 kwa 160 tu, ukimweka mtu katikati mbele yake zimebaki 120, akikimbia pikseli 3 kwa fremu anazimaliza kwa fremu 40, yaani theluthi mbili za sekunde. Huenda anagongwa kwa sababu haoni, kuelea hakuna kosa. Kamera imtangulie upande anaoangalia.
Muda unakubana kivipi, ni shindano?

Kitufe_A:
Asante sana kaka, la kamera sikuliwaza kabisa. Shindano hapana, ni ratiba yangu tu.

binti_wa_pikseli:
Ratiba yako mwenyewe ndo ikunyime usingizi? Na filamu gani hiyo, mbona huitaji?

Kitufe_A:
Ni ya kung fu ya miaka ya 80, jina tuliache dada.

binti_wa_pikseli:
Tuliache kwa nini? Wenye filamu wamekupa ruhusa?

Kitufe_A:
Haya. Ruhusa sina. Na kuna watu wameshalipia katriji, tarehe niliyowaahidi inakaribia, ndo muda ninaousema. Lakini sioni kwa nini liwe jambo kubwa hivyo, filamu yenyewe ya zamani, mi naitangaza bure, michoro yote nimechora mwenyewe usiku na mchana sijakopi hata pikseli moja. Makasha nimeshayaagiza na jina la filamu lipo juu yake, kwa hiyo hapo hakuna kurudi nyuma. Nilikuja kuuliza kuhusu kuruka jamani.

goti_chini:
Yaani umeshika hela za watu kwa jina la mtu mwingine halafu unauliza mvutano. Jasho la mtu ni jasho la mtu hata likiwa la zamani.

mzee_wa_katriji:
Mi niliwahi kununua katriji imechorwa ninja, kuweka ndani naona mpira wa miguu 😂 nikaucheza mpaka mwisho hivyohivyo.

binti_wa_pikseli:
Kitufe_A sikiliza. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unazipa filamu ulinzi wa angalau miaka 50 tangu zioneshwe kwa umma na nchi nyingi zimeongeza juu ya hapo, kwa hiyo ya miaka ya 80 bado ina mwenyewe. Kuchora mwenyewe hakukuokoi kama sura, mavazi na kisa ni vyao. Hao Ubi Soft waliotajwa hapo juu walikuwa na leseni. Kung fu yenyewe haina mwenyewe, wala mwanafunzi kulipiza kisasi cha mwalimu wake. Badili jina, sura na kisa, mruko wako ubaki, na waliolipa waambie mapema anayetaka hela arudishiwe.

teke_la_hewani:
Wakuu mnajichosha, hii ni CHAI. Spraiti (kile kipande cha picha kinachosogezwa kwenye skrini) kubwa kuliko zote kwenye GBA ni pikseli 64 kwa 64, sasa bosi wa 96 kamtoa wapi? Picha hakuna, video hakuna, filamu haina jina. Subirini ataomba mchango.

goti_chini:
Mh, na mimi hilo la picha lilinigusa. Weka mzigo hapa tuone.

Kitufe_A:
Bosi ni spraiti mbili, 64 kwa 64 kiwiliwili na 64 kwa 32 miguu, nazisogeza pamoja. Mruko ni namba kamili tupu maana prosesa haina hesabu za desimali, biti 8 za chini ndo nazifanya desimali. Mvutano sasa hivi 40 kupanda, 72 kushuka. Picha siweki, mkiona sura tu mtaijua filamu.

fremu60:
Mtunga hadithi hawezi kujibu hivyo, gemu lipo. 40 kwa 72 ni nzuri, ila weka kikomo cha kasi ya kushuka, akizidi pikseli 8 kwa fremu atapenya majukwaa membamba.

teke_la_hewani:
Sawa, lipo. Basi bora ingekuwa chai, maana waliolipa nao wapo.

Kitufe_A:
Nimejaribu kamera imtangulie pikseli 32, adui anaonekana mapema na kuelea nimekurudisha, limekuwa tamu balaa. Jina nitalitoa kwenye skrini ya kwanza. Kasha libaki lilivyo.

binti_wa_pikseli:
Kasha ndo linaloonekana kabla ya kitu chochote!! Waliolipa umewaandikia?

Kitufe_A:
Nitawaandikia, nimalizie kwanza hicho kikomo cha kushuka.