Akaunti iliyolala: hela ichukuliwe, au benki ibanwe imtafute mwenyewe?

Wanajamvi, kuna hoja naisikia sana: mtu akikaa miaka bila kugusa akaunti yake, hela ichukuliwe ikafanye kazi ya umma, maana mwenyewe kaitelekeza. Mimi kuchukuliwa hakunisumbui sana. Kinachonisumbua ni kinachotangulia.

Mtu kahama, kabadili namba ya simu, au kafa bila kumwambia yeyote. Siku moja mtoto anakuta kitabu cha benki chini ya sanduku la marehemu, muhuri wa mwisho umefifia hadi tarehe inasomwa kwa kukisia. Anakwenda dirishani. Alete cheti cha kifo, alete hati ya usimamizi wa mirathi. Anahangaika mahakamani, anarudi na makaratasi yote, karani anabofya, anamgeuzia skrini: salio sifuri. Makato ya kila mwezi yameshakula. Yaani akaunti imelala, makato yako macho!

Kuhusu miaka, kila nchi na lake. Uingereza, kwa sheria ya 2008, ni 15. India 10. Kenya, kwa sheria ya 2011, ni 5. Australia ilishusha kutoka 7 hadi 3, watu wazima na afya zao wakakuta akiba zimehamishwa. 2015 ikarudishwa 7. Kote huko mwenyewe anabaki na haki ya kudai. Sawa, ila utadaije usichojua kama kipo?

*Mchangiaji wa kwanza:* Mkuu, benki si ya sadaka, kutunza akaunti ni gharama. Halafu akaunti iliyolala ndiyo wezi wa ndani wanaipenda, kwa sababu hakuna anayeangalia taarifa yake. Bora iondolewe benki mapema.

*Mleta hoja:* Hilo la wezi umenishika, sikulifikiria. Basi iondoke mapema, lakini iondoke nzima.

*Mchangiaji wa pili:* Mnazungumzia makato, mimi naogopa makaratasi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndugu wa Wayahudi waliouawa na Wanazi walikwenda Uswisi kudai akiba za wapendwa wao. Wapo walioambiwa walete vyeti vya kifo. Kambi ya mauaji itoe cheti? Mpaka 1998 ndipo benki kubwa za huko zikakubali kulipa dola bilioni 1.25, tena baada ya kushtakiwa Marekani.

*Mleta hoja:* Ndiyo maana nasema mzigo wa kutafuta ubebwe na benki. Makato yasimame siku ileile akaunti inapohesabiwa imelala, na kabla hela haijahamishwa benki ioneshe ilimtafuta nani na lini. Fomu ya kufungulia akaunti ina nafasi ya jina na simu ya ndugu wa karibu. Kuna yeyote humu ambaye ndugu yake aliwahi kupigiwa?