Msimamizi wangu ni mjamaa, anairudisha sura yangu ya Operesheni Vijiji. Nibadilishe?

Tasnifu_Njiani: Wakuu, heshima kwenu. Nipo uzamili, historia. Msimamizi hafichi ujamaa wake, na sura yangu ya tatu, Operesheni Vijiji (ule uhamishaji wa watu kwenda vijijini miaka ya 1970), ameirudisha mara mbili. Naona ni itikadi. Muda wa usajili unaniishia. Nibadilishe msimamizi?

Mama_Faharasa: Inawezekana, mwanangu. Barua kwa mkuu wa idara, nakala kwa mratibu wa uzamili, na jina la msimamizi mpya aliyekwisha kukubali kwa maandishi. Nyingi hukwama hapo: anatajwa mtu ambaye hata hakuulizwa. Sababu iwe ya kitaaluma. Ukiandika "siasa" bila ushahidi, yanakuwa malalamiko rasmi na kazi inasimama.

Kiti_Kirefu: Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya miaka ya 1970, msomi Issa Shivji aliona tabaka la warasimu, mwenzake Goran Hyden akaona mkulima asiyenaswa na dola. Nchi moja, chuo kimoja. Mwalimu asiye na msimamo msimtafute. Muhimu ni kama anapokea ushahidi unaompinga.

Msomaji_Nyaraka: Mleta mada, pembeni mwa ukurasa kaandika nini hasa?

Tasnifu_Njiani: "Wanakijiji wako wapi?" Nimetumia ripoti za wafadhili za miaka ya 1980 na hotuba za wanasiasa. Zinatosha, ujamaa ulishindwa, kila mtu anajua. Na barua ya malalamiko nilishaipeleka Ijumaa.

Msomaji_Nyaraka: Mkuu, hiyo si itikadi, ni pengo la vyanzo. Mwalimu Nyerere alitangaza kuishi vijijini ni amri Novemba 1973. Sheria ya vijiji ikaja 1975. Ripoti ya miaka ya 1980 inahukumu matokeo, haikuonyeshi watu wakihamishwa. Nenda Nyaraka za Taifa, chagua mkoa mmoja tu. Soma magazeti ya Uhuru na Daily News ya 1973 hadi 1976 ukikumbuka moja ni la chama, jingine la serikali. Hoji wazee 15 hadi 20, waliohamishwa na waliohamisha. Ukichukua upande mmoja utarudishwa tena. Kisha ingiza Ruvuma: vijiji vya hiari, wakulima wakijiamulia wenyewe, chama cha TANU kikaivunja jumuiya yao 1969. Hoja hiyo inambana mjamaa kuliko ripoti yoyote ya mfadhili. Akiikataa ikiwa na ushahidi, hapo una kesi.

Nyundo: Hii chai. Barua imeshapelekwa, anaomba ushauri wa nini? Halafu sura ya tatu ni mbinu za utafiti, tangu lini ikawa Operesheni Vijiji?

Kiti_Kirefu: Nyundo, mpangilio wa sura tano, ya tatu ikiwa mbinu, ni wa sayansi ya jamii. Historia hupangwa kwa nyakati au mada. La barua ndilo la kujibiwa.

Tasnifu_Njiani: Si chai. Niliogopa mngenikatisha tamaa. Barua siiondoi.

Mama_Faharasa: Usiiondoe, peleka nyongeza kesho asubuhi kabla haijaingia kikaoni. Nukuu maneno yake yalivyo, weka tarehe ulizowasilisha na ulizorudishiwa, omba msomaji wa pili wa sura hiyo moja. Neno "mjamaa" lisionekane popote.