Kifurushi cha mwezi mzima kinatufaa kweli sisi wa kando ya ziwa?

Mleta mada, Igombe

Wadau wa Mwanza na visiwani, poleni na majukumu. Naomba tujadili jambo linaloigusa kila nyumba yenye televisheni: ulipie king'amuzi kipi, au uachane navyo vyote uhamie kwenye filamu za mtandaoni? Watu wengi wanaanza kwa kuuliza nani ana chaneli nyingi. Mimi naona tuanze na nani anakubaliana na namna pesa yetu inavyoingia.

Kazi yangu ni dagaa. Wanaoijua wanafahamu kwamba tunavua giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa zetu hazimvuti dagaa tena, mitumbwi inapumzika mwaloni, na sisi tunalala nyumbani wiki nzima na zaidi. Giza likirudi pesa inapatikana, lakini usiku kucha uko ziwani na mchana umelala. Kwa hiyo nalipia king'amuzi siku ambazo siangalii, na siku za kukaa na mama watoto tukaangalia tamthilia, kifurushi kimekwisha na mfuko umekauka. Siku 30 zinahesabiwa uwe umewasha au hujawasha.

Mwezi uliopita nililipa asubuhi nikitoka kuuza mzigo. Siku ya tisa upepo wa ziwani ukasogeza dishi. Fundi alipatikana siku ya kumi na nne. Akapanda juu ya bati, mwanangu wa kiume akasimama mlangoni akitazama kioo na kupaza sauti: "Bado! Bado! Imekuja! Imepotea! Rudisha kidogo!" Jasho lilimtoka fundi mpaka alipokaza nati ya mwisho na picha ikatulia. Nikapiga simu huduma kwa wateja nikaomba siku zangu tano nirudishiwe. Dada wa watu alinisikiliza kwa heshima, akasema mfumo hauruhusu.

Hoja yangu: kampuni zitupe haki ya kulipia siku tunazoangalia, au basi turuhusiwe kusimamisha kifurushi na kukiendeleza. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Buswelu

Mkuu, pole kwa dishi. Lakini mimi nakupinga, na nakupinga kwa ajili ya mpira.

Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF, shirikisho la mpira la nchi, mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Pesa hiyo inaahidiwa kwa misimu mizima, haijali wewe uko ziwani au uko kitandani. Sehemu yake inafika kwenye klabu, Pamba Jiji yetu ikiwemo tangu ilipopanda daraja 2024. Sisi tulioiona Pamba ikihangaika madaraja ya chini miaka na miaka tunajua klabu ya mkoani inaishije isipokuwa na pesa ya uhakika.

Sasa turuhusu kila mtu alipie siku anayotaka. Nchi nzima italipia siku ya Simba na Yanga, halafu basi. Jumanne saa kumi jioni Pamba inacheza ugenini, nani atakuwa amelipia? Mimi nitalipia, na wewe labda kama ni mbalamwezi. Sisi wawili hatuwezi kuendesha kamera hata moja. Kifurushi cha mwezi ndicho kinachofanya mechi ndogo zionekane.

Ninalolalamikia mimi ni lingine. Ligi yetu iko king'amuzi cha Azam, ligi ya Uingereza iko kwa DStv kupitia SuperSport. Mpenda mpira wa Mwanza ananunua vyote viwili au anachagua wa kumnyima macho. Hapo ndipo ningependa tupige kelele.

Mzee, Nyakato

Vijana, mimi nilishapitia kununua viwili, na haikuwa kwa mpira. Agosti 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwabana Azam, DStv na Zuku wasionyeshe chaneli za ndani za bure, kwa sababu leseni zao zilikuwa za maudhui ya kulipia. Nikaamka siku moja Star TV haipo, na mitambo yake iko hapa hapa Mwanza! Nikarudi dukani nikachukua king'amuzi cha antena kwa ajili ya taarifa ya habari tu. Baadaye zile chaneli zilirudi, ila pesa yangu haikurudi. Ndiyo maana nasema usinunue kifaa kwa sababu ya kinachoonyeshwa leo. Muulize muuzaji: siku nisipolipa, nitabaki na nini? Cha antena kinabaki na habari. Hilo kwangu ni kubwa.

Dada, Mabatini

Shikamoo mzee. Nawashangaa kaka zangu mnaogombana na dishi ilhali simu mnazo mkononi.

Netflix, ile ya filamu za mtandaoni, ilifunguliwa kwetu Januari 2016, pamoja na sehemu kubwa ya dunia. Natumia mwaka wa tatu sasa. Hakuna fundi, hakuna bati la kupanda, mwezi nisiotaka nasitisha mwenyewe usiku huu huu na hakuna wa kunibembeleza. Kinachowaangusha wengi ni bando, kwa kuwa hawagusi mpangilio wa ubora wa picha. Kwa hesabu za Netflix wenyewe, picha ya kiwango cha chini inakula kama GB 0.3 kwa saa, ya kati GB 0.7, na ile kali ya HD inafika GB 3. Filamu ya saa mbili inaweza kukuchukua chini ya GB moja au GB sita, na ni filamu ile ile! Kwenye kioo cha simu mimi sioni tofauti ya kunilipisha GB tano. Tena nikiwa kazini penye Wi-Fi napakua vipindi vya wiki nzima, jioni naangalia bila bando kabisa.

Tatizo ni malipo. Inataka kadi, na wengi wetu pesa iko kwenye simu. Mimi nilitengeneza kadi ya mtandaoni kupitia mtandao wangu wa simu. Mara ya kwanza ilikataa, ya pili ikakubali. Na mleta mada nakuunga mkono kwa nusu: hawa nao wanatoza mwezi, ila kuingia na kutoka ni mara moja.

Mama, Kisesa

Dada wa Mabatini umeongea vizuri, lakini umeongea kama mtu anayeangalia peke yake.

Kwangu tuko sita na runinga ni moja. Mama mkwe hajui Kiingereza, mdogo wangu yuko darasa la pili na maandishi ya chini yanampita kabla hajamaliza neno. Mwaka 2011 TBC ilianza kurusha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ya yule binti Doudou na mama wakwe zake, na ndiyo mara ya kwanza nikamwona mama mkwe akimgombeza mtu wa kwenye televisheni kwa sababu alielewa alichosema. Baadaye zikaja za Kituruki. Saa mbili usiku pale ndani hakuna anayeuliza "amesemaje?" Nani ataniletea hilo kwenye simu ya inchi sita? Filamu elfu za lugha nisiyoijua si utajiri kwangu. Anayetia sauti ya Kiswahili ndiye nitakayemlipa, na simwonei wivu wa pesa yake.

Kijana, Kirumba mwaloni

Mnasahau kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira kwa kiingilio. Ile haki anayoidai mleta mada ya kulipia unachoangalia ipo kwetu siku zote. Unalipa mechi moja, unakaa kwenye benchi, unaondoka. Mwenye kibanda anabeba mwezi mzima kwa niaba ya watu 80. Ila nao wapatiwe kifurushi cha biashara kwa bei inayobebeka, maana cha nyumbani hakiruhusiwi kuonyeshea wateja na wengi wanafanya kazi kwa kujificha.

Mama, Kisesa

Mwanangu, mechi ya saa nne usiku siwezi kumpeleka binti yangu kibandani. Haki ya kuangalia mpira isiwe ya wanaume tu.

Mleta mada, Igombe

Kaka wa Buswelu, hoja ya Pamba imeniingia. Kweli nilijitazama mimi na mtumbwi wangu. Naondoa dai la kulipia siku moja moja kwa chaneli za ligi. Ila la kusimamisha silitoi. Pesa yangu kampuni imekwisha ichukua, siku 30 ni zilezile 30, kampuni haipungukiwi mechi wala kamera. Inasogeza tarehe tu. Na dishi likianguka, au umeme ukikatika siku mbili, siku hizo ni zangu.

Mzee, shikamoo. Swali lako la "nitabaki na nini" nimeliandika.

Wa Ukerewe, ninyi giza na mbalamwezi mnavijua kuliko mimi. Mnafanyaje?

Mchangiaji, Nansio

Sisi huku tumeshaacha kulipia mwezi. Nina StarTimes, wana cha siku na cha wiki. Nikiona mwezi umeshapanda juu kabla jua halijazama, najua siku chache zijazo tunafunga mitumbwi. Hapo ndipo nalipia wiki. Wiki ya pili analipia jirani yangu, anakuja na wanawe, wanakaa kwenye mkeka. Ukizidisha kwa nne, wiki ni ghali kuliko mwezi, hilo nalijua. Lakini hatununui nne, tunanunua mbili, na zote tunaziangalia. Ligi Kuu nikiitaka naenda kwa tajiri, yeye ana cha Azam.

Giza likiingia, mke wangu anachomoa waya ukutani, rimoti anaiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni.