Gumzo la ukoo: Mjomba Salim na hoki ya Edmonton

Idi: Shikamoo mjomba. Hii picha Mama katuma, wewe na fulana ya buluu na chungwa, ndo timu gani hiyo?

Mjomba Salim: Marahaba mwanangu. Oilers, hoki ya barafu. Edmonton hiyo, Kanada, 1987. Tumetoka kuchukua Kombe la Stanley, la ubingwa wa ligi, mji haukulala.

Mwana: "Tumechukua" na nani? Wewe si ulipelekwa kusoma 😂

Idi: Mie hoki naijua ile ya nyasi

Baba Mdogo Hamza: Ya nyasi tulipeleka timu Olimpiki ya Moscow 1980, India wakatutia 18-0. Tuendelee na ya barafu tafadhali.

Mjomba Salim: Hamza usifukue makaburi 😂😂

Mjomba Salim: Sasa mjue, mie nimetoka Tanga na redio tu, Bara televisheni haijaanza. Jumamosi jioni mwenye nyumba ananigongea mlango, mechi tayari. Miezi ya mwanzo sioni kitu. Kile kisahani cheusi, ndo mpira wao, kinakwenda mbio, wenzangu washaruka goli, mie ndo nauliza kiko wapi. Nikaacha kukitafuta, nikawa naangalia watu. Kuna wachache walikuwa bado wanacheza kichwa wazi. Helmeti ikawa lazima 1979, lakini kwa wanaoingia ligi tu, wakongwe wakaachiwa. Wetu alikuwa Craig MacTavish. Mpaka anastaafu 1997 hajaivaa, wa mwisho ligi nzima. Unamwona nywele zimelowa, unamwona akikasirika. Siku hizi sura karibu zote ziko nyuma ya kioo.

Mwana: Gretzky je? Huyo hata mie nimemsikia

Mjomba Salim: Nyota wetu, namba 99. Mwembamba, jezi kachomekea upande mmoja tu, kama mtoto aliyevalishwa haraka haraka. Anajisimamia nyuma ya goli la wapinzani, beki akimfuata huku, pasi ishatoka kule. Nilipofika bado walikuwa wanaisimulia Desemba 1981: mabao 50 katika mechi 39, na matano kayafunga usiku mmoja.

Mjomba Salim: Ila mie sikuwa mtu wa Gretzky. Mie mtu wa kipa.

Idi: Kipa?? 🤔

Mjomba Salim: Grant Fuhr. Mweusi, mzaliwa wa Alberta, jimbo letu hapohapo. 1984 akawa mchezaji mweusi wa kwanza kubeba lile kombe. Glavu ya kudakia anaivaa mkono wa kulia, makipa wengi huvaa kushoto. Mtu kashazoea kulenga upande ule, anapiga, anakuta mkono uko pale unamsubiri. Mie kwenye basi watoto wananiita Fuhr. Sikujua nicheke au ninune. Nikacheka.

Shangazi Rehema: Ulituandikia barua nzima juu ya huyo kipa, na hela hukutuma

Mjomba Salim: Dada yangu, nilikuwa mwanafunzi 🙏

Baba Mdogo Hamza: Hebu mwambie Idi ile ya kujifunga.

Mjomba Salim: Aprili 30, 1986, mechi ya saba, ya kuamua, na Calgary, jirani zetu, hatupikiki chungu kimoja. 2-2, kipindi cha tatu. Beki wetu Steve Smith yuko nyuma ya goli letu, anapiga pasi ya kuvuka, inamgonga Fuhr mguuni, ndani. Tukatolewa. Smith kalala kifudifudi kwenye barafu. Na siku hiyo ndo anatimiza miaka 23!

Mwana: Maskini 😭

Mjomba Salim: Subiri. Mwaka uliofuata tukachukua kombe, Gretzky nahodha akakabidhiwa. Mtu wa kwanza kumpa alibebe, Smith. Chumba kizima wanaume wanajifuta macho wanasingizia moshi wa sigara.

Idi: Hapo hata mie 🙌

Mjomba Salim: 1988 tena, fainali kule Boston, 3-3, umeme ukakatika uwanja mzima. Mechi ikafutwa, ikahamia kwetu, tukamaliza kazi.

Idi: Mgao Marekani?! 😂😂😂

Mjomba Salim: Nilijisikia nyumbani. Basi Mei tumebeba kombe, Agosti 9 Gretzky akauzwa Los Angeles. Akalia mbele ya kamera. Bungeni Ottawa mbunge akataka serikali izuie.

Shangazi Rehema: Na lawama akabebeshwa mkewe. Ulituandikia hivyo, nakumbuka. Harusi hata mwezi haujaisha.

Mjomba Salim: Kweli, walimsema vibaya sana yule binti. Na pesa alichukua mwenye timu, dola milioni 15.

Baba Mdogo Hamza: Na mkaanguka.

Mjomba Salim: Nani kaanguka? 1990 tukachukua lingine, Messier nahodha. Gretzky kule Los Angeles hakubeba hata moja.

Mwana: Mjomba bado una hasira 😅

Mjomba Salim: Hasira za nini, miaka yote hiyo. Ila yule mwenye timu akibisha hodi kwangu, hata maji simpi.