Naomba ushauri: kitafunwa cha saa kumi jioni kazini

Wakuu, habari za kazi. Kazi yangu ni ya kukaa kwenye kompyuta hapa Arusha mjini, naingia saa mbili na kutoka saa kumi na moja. Asubuhi sina shida: chai ya maziwa yenye tangawizi na vitumbua viwili vya moto, na kwa baridi hii ya Julai sioni cha kuvishinda. Tatizo ni saa kumi. Njaa inauma, macho yanakuwa mazito, na kuanzia Jumatano hali inazidi.

Maandazi ya asubuhi yakifika muda huo yameshakauka. Sambusa ni tamu, ila mafuta yake yanaharibu karatasi za ofisi. Karanga za kukaanga ndizo zilinifaa, hasa nikila na ndizi kisukari mbili tatu za soko la Kilombero, lakini wiki ya tatu sasa nimezichoka.

Nyie mnabeba nini? Nataka kisichohitaji friji, kisichonuka, na kisichozidi shilingi elfu moja kwa siku. Kashata za nazi zinakaa siku ngapi kwenye kopo? Na kama kuna anayebeba mihogo ya kuchoma, anieleze anafanyaje isikakamae.